Mtoto Atajaribu Tu: Sanduku la Sayansi la Nyumbani



Jioni moja ya Jumamosi, miaka michache iliyopita, tulimpokea wodini mtoto wa kike wa miaka 3 kutoka hapa hapa Makorora. Alikuwa akikohoa mfululizo, anapumua kwa shida, na mdomo wake unanuka mafuta ya taa. Mama yake alikuwa amemnywesha maziwa na kumtia kidole kooni ili atapike. Nyuma ya mama alisimama kaka wa mtoto, mvulana wa darasa la tatu, analia kimya kimya, shavu limevimba kwa kofi la baba.

Tulipouliza, tuliambiwa hivi. Wiki ile mwalimu alikuwa amewafundisha kwamba mafuta huelea juu ya maji. Mvulana alitaka kuliona jambo hilo kwa macho yake. Akachukua kikombe, akatia maji, akatafuta mafuta. Mafuta ya kula mama alikuwa ameyafungia kabatini kwa sababu ni ghali. Mafuta ya taa yalikuwa chini ya meza, ndani ya chupa ya soda. Akamimina, akaona kweli yanaelea, akafurahi, akakimbia kumwita rafiki yake aje aone. Aliporudi, mdogo wake alikuwa ameshika kikombe mkononi.

Mtoto alilazwa siku 5, tukimshukuru Mungu akapona. Siku ya kuruhusiwa baba yake alituambia, "Sista, kuanzia leo huyu mkubwa hagusi kitu chochote nyumbani kwangu." Tukamjibu, "Baba, atagusa tu. Swali ni kama wewe utakuwepo au hutakuwepo."

Hilo ndilo somo letu la mwezi huu. Mtoto mwenye afya lazima ajaribu mambo. Hatuwezi kumzuia, na wala si vema kumzuia. Kazi yetu wazazi ni kuchagua atajaribu kwa kitu gani, na kukaa naye anapojaribu.

KWA NINI MTOTO HUJARIBU

Mtoto mchanga hujifunza kwa mdomo: kila anachokishika anakionja. Akianza kutambaa na kutembea hujifunza kwa mikono: anamwaga, anavunja, anafungua. Akifika miaka 5 au 6 huanza kuuliza: kwa nini, namna gani, itakuwaje nikifanya hivi? Huo si utundu. Ndiyo akili inavyokua, kama vile mifupa inavyokua kwa chakula.

Mkoa wetu wa Tanga unao ushahidi mkubwa wa jambo hili. Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, mwanafunzi mmoja aitwaye Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Walichemsha maziwa na sukari, na desturi ilikuwa kuacha yapoe kwanza ndipo yatiwe kwenye friji. Nafasi ilikuwa finyu, Mpemba akawahi kutia yake yangali ya moto. Akashangaa kuona yake yameganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza, mwalimu alimwambia kwamba amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, wenzake walimcheka alipolirudia swali lake mbele ya mgeni, Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Lakini Osborne hakucheka. Alirudi Dar es Salaam akajaribu, na mwaka 1969 wakaandika pamoja makala iliyosomwa duniani kote. Mpaka leo jambo hilo linaitwa kwa jina la Mpemba, na wataalamu bado wanabishana kama hutokea kila mara na kwa sababu gani.

Tunajifunza nini hapo? Kwamba kijana aliyekuwa akitengeneza aiskrimu aliona jambo ambalo wakubwa hawakulitazama, na kwamba ilibaki kidogo swali lake lizimwe kwa kicheko. Wangapi nyumbani kwetu tumewazima namna hiyo?

MASANDUKU YA DUKANI

Siku hizi yako masanduku ya majaribio ya sayansi yaliyotengenezwa viwandani. Yanauzwa katika maduka ya vitu vya watoto, yanaagizwa kwa simu, na ndugu zetu walioko Uarabuni au Ulaya huwaletea watoto kama zawadi. Ndani huwa na hadubini ndogo, sumaku, nyaya na taa, chupa, na vipakiti vya dawa za rangi. Ni vitu vizuri, lakini kununuliwa kwa bei kubwa si hakikisho la usalama. Huko Marekani mwaka 1950 kampuni ya A. C. Gilbert iliwauzia watoto sanduku la kujifunza nguvu za atomu lenye mawe halisi ya madini ya urani ndani yake! Haikuchukua muda likaondolewa sokoni.

Kabla ya kumpa mtoto sanduku la namna hiyo, lifungue wewe kwanza, na uangalie yafuatayo:

1. Umri. Sanduku lililoandikwa miaka 8 au 10 si la mtoto wa miaka 5, hata awe na akili namna gani. Tena kumbuka wadogo zake walioko nyumbani.

2. Betri ndogo za mviringo, kama za saa. Hizi ni hatari sana. Zikikwama kwenye umio huunguza nyama, na katika muda wa saa 2 tu madhara yanaweza kuwa makubwa. Hakikisha mahali pa betri pamefungwa kwa skrubu.

3. Sumaku ndogo zenye nguvu. Mtoto akimeza mbili au zaidi hutafutana tumboni, zikabana utumbo katikati na kuutoboa.

4. Shanga za rangi zinazovimba kwa maji. Zikimezwa huvimba ndani na kuziba utumbo.

5. Vipakiti vya dawa. Unga wa buluu wa kukuzia fuwele mara nyingi ni mrututu, uleule tuujuao madukani. Ni sumu ukimezwa. Kama huwezi kusoma maelezo ya kipakiti kwa lugha unayoielewa, kitoe.

SANDUKU LETU WENYEWE

Lakini familia nyingi katika parokia zetu hazitanunua sanduku la dukani, na hazina sababu ya kusikitika. Sanduku lililo bora linaweza kutengenezwa kwa boksi la viatu na vitu vifuatavyo:

- Chupa 3 za maji za plastiki, na chupa 1 ya kioo yenye mdomo mpana
- Kijiko cha chai, kikombe, na bakuli jeupe
- Bomba la sindano jipya, bila sindano, kutoka duka la dawa, kwa kupimia maji
- Kipande cha chandarua kilichochakaa, uzi, na mipira ya kufungia noti
- Kioo cha kukuzia, kama kinapatikana
- Sabuni, chumvi, sukari, ndimu, beking pauda, na mafuta kidogo ya kula
- Daftari na penseli

Kuhusu bomba la sindano, tukiri kosa letu. Zamani sisi wenyewe tuliwahi kuwaletea watoto wetu mabomba yaliyokwisha kutumika wodini, tukitoa sindano na kuyaosha kwa maji, wakayachezea uani. Tulidhani tunawafurahisha. Lilikuwa kosa kubwa, maana damu ya mgonjwa hubaki ndani hata kama haionekani. Bomba liwe jipya. Lililotumika, hata likiokotwa njiani likiwa linang'aa, halichezewi.

Daftari lisisahaulike. Kila jaribio mtoto aandike au achore mambo matatu: Nadhani itakuwaje? Nimeona nini? Kwa nini? Asiyejua kuandika achore. Bila daftari ni mchezo tu. Kwa daftari ni sayansi.

Sasa tutazame majaribio manne ambayo hufundisha sayansi na hulinda afya papo hapo.

JARIBIO LA KWANZA: MIKONO YENYE MASIZI

Saga kipande cha mkaa kiwe unga laini. Mtoto ajipake mafuta ya kula matone machache viganjani, kisha asuguane na unga wa mkaa mpaka mikono iwe myeusi. Mwambie, "Tufanye huu weusi ndio uchafu wa chooni usioonekana."

Kwanza anawe kwa maji matupu, kisha ajifute kwa kitambaa cheupe. Atazame kitambaa na mikono. Halafu anawe kwa sabuni na maji yanayotiririka, akisugua polepole mpaka mmehesabu 20. Ajifute tena kwa upande mwingine wa kitambaa, alinganishe.

Ataona mwenyewe kwamba maji peke yake yanateleza juu ya mafuta na weusi unabaki. Sabuni hushika mafuta kwa upande mmoja na maji kwa upande mwingine, ikayavuta yote yaende. Mwoneshe pia weusi ulikobaki: kati ya vidole, kwenye kidole gumba, chini ya kucha. Ndiko vijidudu vinakobaki kila siku.

Mama anayesema "nawa mikono" mara mia hasikiki. Mtoto aliyeona weusi chini ya kucha zake atawakumbusha wakubwa. Nyumba isiyo na bomba la maji itengeneze kibuyu chirizi karibu na choo, kwa kigaloni kidogo, kamba na kijiti cha kukanyagia. Hata hicho ni kazi nzuri ya sayansi kwa mtoto wa miaka 9 au 10.

JARIBIO LA PILI: MTOTO WA CHUPA

Jaribio hili lina historia. David Werner, aliyefanya kazi ya afya vijijini huko Mexico na ambaye kitabu chake wengi wetu tunakijua kwa jina la Mahali Pasipo na Daktari, alilieneza kwa kutumia kibuyu. Tangu mwaka 1979, uliokuwa Mwaka wa Kimataifa wa Mtoto, mpango uitwao Mtoto kwa Mtoto nao umekuwa ukihimiza watoto wa shule kujifunza afya kwa kutenda, na kuwafikishia wadogo zao. Sisi tunatumia chupa ya plastiki.

Mzazi akate sehemu ya juu ya chupa. Chora uso wa mtoto. Toboa matundu madogo: mawili kwenye macho, moja mbele upande wa chini kwa mkojo, na moja chini kabisa nyuma kwa kuharisha. Ziba kila tundu kwa kijiti. Jaza maji mpaka juu, kisha tandaza kitambaa chepesi chenye maji juu ya mdomo wa chupa kiguse maji. Hicho ndicho utosi.

Toa vijiti vya macho kidogo: mtoto ana machozi. Toa cha mkojo: anakojoa. Virudishe, ujaze tena. Sasa toa kijiti cha kuharisha, mtazame kinachotokea. Maji yanashuka. Kitambaa kinabonyea, utosi umezama. Ukitoa vijiti vya macho, hakuna chozi. Maji yakiendelea kushuka, hata mkojo hakuna. Hizi ndizo dalili tunazozitafuta hospitalini kwa mtoto aliyepungukiwa maji mwilini.

Sasa muulize mtoto, "Tukimnyima maji, kuharisha kutakoma?" Ngojeni mwone. Kutakoma kweli, lakini chupa ikiwa tupu.

Wapendwa, hapo ndipo akina mama wengi hunyamaza. Bado wako wanaomnyima maji mtoto anayeharisha, wakidhani wanamkausha tumbo. Jaza chupa tena, toa kijiti, na safari hii mtoto amimine maji kadiri yanavyotoka. Utosi haushuki. Kuharisha hakujakoma, lakini mtoto hafi.

Kisha fundisheni kupima. Pakiti moja ya ORS ya lita 1 inachanganywa na lita 1 kamili ya maji safi na salama, si zaidi wala pungufu. Soma pakiti yako. Kama hakuna pakiti, tumia maji lita 1, sukari vijiko vya chai 6 vilivyosawazishwa, na chumvi nusu kijiko cha chai. Onjeni: chumvi isizidi ile ya machozi. Mtoto chini ya miaka 2 apewe robo hadi nusu kikombe kila anapoharisha, kwa kijiko. Aliyezidi umri huo nusu hadi kikombe kizima. Kikombe tunachosema ni cha mililita 200. Yaliyobaki baada ya saa 24 yamwagwe. Mtoto anyonyeshwe na ale kama kawaida, na apelekwe kituo cha afya kupata vidonge vya zinki, ambavyo hutumiwa siku 10 hadi 14 hata kama ameacha kuharisha.

Hospitali haraka, bila kungoja: akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, akiharisha damu, akilegea au kusinzia mno, macho yakizama, au ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole.

JARIBIO LA TATU: VILUWILUWI KWENYE CHUPA

Mvua zikinyesha hapa kwetu, zungukeni uani na mtoto. Chunguzeni vifuu vya nazi, makopo, matairi, ndoo zilizopasuka na madimbwi. Mkiona viluwiluwi, vichoteni kwa upawa pamoja na maji yao, mkavitie kwenye chupa ya kioo. Funikeni mdomo kwa kipande cha chandarua na mkaze kwa mpira. Wekeni mahali penye mwanga, mbali na jua kali. Ndivyo wafanyavyo hata watafiti wa malaria wa kituo cha Amani, wilaya jirani ya Muheza: upawa, chupa na daftari.

Kila siku mtoto atazame na kuchora. Ataona viluwiluwi vikipanda juu kupumua. Vinavyolala sambamba na uso wa maji ni vya mbu anofelesi, anayeeneza malaria. Vinavyoning'inia kichwa chini ni vya mbu wengine: wale wa maji machafu ya vyoo na mitaro, ambao huku pwani hueneza matende na mabusha, na wale wa makopo na matairi, wanaong'ata mchana na kueneza homa ya dengi, iliyotusumbua Tanga na Dar es Salaam mwaka 2019. Baada ya siku kadhaa kiluwiluwi hujikunja kama alama ya mkato, kisha hutoka mbu. Kwa joto letu safari yote, tangu yai, huchukua kama siku 7 hadi 14.

Msingoje mbu waruke. Mkiona wa kwanza amejikunja, malizeni kwa jaribio la mwisho: mimina kijiko cha mafuta ya kula juu ya maji. Yatatanda, na viluwiluwi vitakosa hewa na kufa. Ndipo mtoto atakapoelewa kwa nini kumwaga maji yaliyotuama mara moja kila wiki kunatosha kuikata safari yao. Mpe kazi hiyo rasmi: kila Jumamosi yeye ndiye bwana afya wa uani. Atakagua, ataandika daftarini, nanyi mtamwaga.

JARIBIO LA NNE: UNGA MWEUPE MARA TATU

Hili ni fupi, lakini ndilo linalookoa maisha. Weka kwenye visahani vitatu chumvi laini, sukari iliyosagwa, na beking pauda. Mtoto usimwambie kipi ni kipi. Muulize, "Kwa kutazama tu, unaweza kuvijua?" Hawezi. Sasa adondoshee kila kimoja matone ya ndimu kwa bomba. Viwili vitalowana tu. Kimoja kitatoa povu.

Mwambie: "Umeona? Vitu vinafanana, lakini si kimoja. Macho yanadanganya. Kwa hiyo hatuonji kitu tusichokijua, hata kiwe cheupe kama sukari, hata kiwe kwenye chupa ya soda."

Katika mitaa yetu viko vikundi vya akina mama na vijana wanaotengeneza sabuni na batiki. Ni kazi njema, lakini hutumia kostiki soda, nayo ni nyeupe vilevile. Mtoto akiionja huunguzwa mdomo na umio, na akipona huweza kubaki na koo lililobana asiweze kumeza ugali maisha yake yote. Tumewauguza watoto wa namna hiyo. Hatutaki kumwona mwingine.

VISIVYOINGIA KWENYE SANDUKU

Mafuta ya taa, petroli ya bodaboda, kostiki soda, jiki, sumu ya panya, dawa za wadudu, maji ya betri, vidonge, viberiti. Vyote hivi viwekwe juu, pafungwe, na vibaki katika vyombo vyake vya asili vyenye maandishi. Kamwe visitiwe kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Mtoto haoni sumu, anaona soda. Na jiki isichanganywe na ndimu, siki wala dawa nyingine ya chooni, maana hutoa hewa yenye sumu.

Ikitokea ajali, fanya hivi:

- Mafuta ya taa au petroli: USIMTAPISHE. Usimpe maziwa wala mafuta ili atapike. Akitapika, mafuta huingia kwenye mapafu, nayo ndiyo hatari kubwa kuliko kuwa tumboni. Mvue nguo zilizolowa, osha ngozi, mkimbize hospitali. Chukua na chupa yenyewe.

- Kostiki soda au jiki: USIMTAPISHE. Msuuze mdomo, atema, mwende hospitali.

- Kitu kikali machoni: mwagia maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20, ndipo muondoke.

- Betri au sumaku: usingoje aitoe kwa choo. Usimpe chakula. Nenda hospitali sasa hivi, hata kama anacheza.

MASHARTI YA NYUMBA

Andikeni haya na kuyabandika ndani ya kifuniko cha sanduku:

1. Hatufungui sanduku bila mkubwa.
2. Hatuonji kitu mpaka tumeruhusiwa.
3. Wadogo wakiwepo, kila kikombe kina mlinzi.
4. Tukimaliza tunamwaga, tunaosha, tunanawa, tunafunga.
5. Swali lolote linaruhusiwa. Hakuna kucheka.

Sharti la tano ni la wakubwa. Ukiulizwa usilolijua, usiseme "acha utundu." Sema, "Sijui, tujaribu," au "Kesho tumuulize mwalimu." Na mwenye nafasi awapeleke watoto STEM Park hapa jijini Tanga, bustani ya sayansi ya taasisi ya Projekt Inspire, ambako kugusa si kosa.

Wazee wetu walisema, mtoto akililia wembe mpe. Sisi tulioshona vidole vya watoto hao tunaomba radhi kwa wazee: usimpe wembe, wala usimwache akilia tu. Mpe kijiko, ukae naye. Maana walisema pia, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, nao ulimwengu hauna wodi ya watoto.

Yule baba wa Makorora tulikutana naye tena baada ya miezi kadhaa, mtoto wa kike alipoletwa kupimwa kifua. Kilikuwa kizima. Alituambia kwamba mafuta ya taa sasa yako kwenye kigaloni chake, juu ya kabati, na kwamba yeye na mvulana walirudia jaribio lile kwa mafuta ya alizeti. Tukamuuliza, ilikuwaje? Akacheka kidogo. "Yalielea, sista. Lakini akaniuliza kwa nini yaelee, nikakosa jibu. Ikabidi tumfuate mwalimu wake wote wawili."

MASWALI YA KUJADILIANA NYUMBANI

1. Nyumbani kwetu kuna sumu gani ndani ya chupa ya kinywaji? Nani ataihamisha leo, kabla ya kulala?
2. Mtoto wetu aliuliza swali gani wiki hii, nasi tulimjibu nini?
3. Je, kila mtu nyumbani, pamoja na dada wa kazi na bibi, anajua kwamba aliyekunywa mafuta ya taa hatapishwi?
4. Jumamosi hii tutaanza na jaribio gani, na nani atakaa na watoto?